Ukuta Uliolambwa na Mbuzi

Mimi ni Hafidh bin Ridha bin Hija, mzaliwa wa Kengeja, kusini mwa kisiwa cha Pemba. Babu yangu Hija alikuwa mwashi na mkulima wa muhogo, na katika maisha yake yote hakuitwa mbele ya mudiri, mtawala wa serikali wa eneo letu, hata siku moja kwa kesi ya mpaka wala ya dhulma. Baba yangu Ridha alisomesha watoto Kurani kwa miaka thelathini na miwili bila ya kudai malipo. Walipopita njiani, watu walisimama kuwaamkia. Nayataja haya ili msomaji ajue nyumba ninayoisimulia ilianzwa na mikono ya aina gani.

Nyumba yetu ilikuwa na sehemu mbili. Ya nyuma, yenye vyumba vitatu, aliijenga babu Hija kwa mawe na chokaa, na juu akalaza boriti za mikoko. Ya mbele ilikuwa chumba kimoja kikubwa cha saruji, nilichokijenga mimi mwaka 1987, nilipokuwa mwalimu kijana ninayejiandaa kuoa. Chumba hicho kilikuwa fahari yangu. Kila Idi nilikipaka rangi mpya, na kila mgeni niliyemkaribisha humo nilimwambia ni nani aliyekijenga.

Mjukuu wangu Shadya, mwanafunzi wa darasa la sita, alilala katika chumba hicho pamoja na wadogo zake wawili. Kila siku akitoka skuli hubadilisha sare, hula, huenda chuoni kusoma Kurani, na alasiri hufagia uwanja. Baada ya hapo alikuwa na kazi moja asiyoipenda: kuwafukuza mbuzi wa jirani waliokuja kuulamba ukuta wa mbele.

"Shadya, nyumba yenu tamu!" alimtania Safaa, binti wa jirani huyo. "Mbuzi wetu wanaacha majani, wanakuja kula nyumba!"

"Waite mbuzi wako! Hawana adabu, kama mwenye nao."

"Mwenye nao anakaa dawati moja na wewe. Basi adabu tumefundishwa pamoja."

Wakacheka wote wawili, na mbuzi wakarudi palepale.

Siku moja Shadya alipigilia msumari ukutani, karibu na nguzo ya pembeni, ili atundike mkoba wake. Mara kipande cha plasta, kikubwa kama sinia, kikamwangukia miguuni. Ndani ya nguzo aliona nondo imekuwa nyekundu kwa kutu, inabambuka kama ganda la kitunguu. Alipoigusa saruji iliyoizunguka, ilimwagika kama unga.

Shadya aliingiwa na hofu. Alijua kwamba nimekataza misumari katika chumba kile, na alijua jinsi nilivyokitukuza. Akazoa vipande, akavitupa nyuma ya migomba, na kwenye tundu akatundika kalenda. Hakumwambia mtu.

Wiki tatu zilipita. Mvua zilipoanza kuvuja katika sehemu ya nyuma, mwanangu Seif, baba yake Shadya, ambaye anafanya biashara ya vitambaa Chake Chake, alikuja na fundi Msellem. Ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Tulitaka kuamua jambo moja: nyumba itengenezwe, au ivunjwe ijengwe upya?

Fundi Msellem aliizunguka. Upande wa nyuma alionesha ufa juu ya mlango na boriti mbili zilizoliwa na mchwa. Upande wa mbele aliona ukuta ulionyooka na rangi inayong'aa.

"Mzee Hafidh," alisema tulipoketi barazani, "hiyo kongwe ya nyuma tuibomoe yote. Hiki cha saruji kibaki, na juu yake tupandishe ghorofa. Mtalala juu, mpate upepo."

"Hayo ndiyo maneno!" Seif alisema.

Mke wangu, Bi Khairiya, hakupendezwa. "Nyumba ya babu Hija ndiyo mwataka kuivunja?"

"Mama, hatulali ndani ya jina la babu. Twalala ndani ya nyumba."

Moyo wangu uliuma kwa ajili ya babu yangu. Lakini, nakiri, ulifurahi kwa ajili yangu, maana chumba changu ndicho kilichochaguliwa. Nikakubali. Tukapanga kubomoa siku ya Jumatatu.

Shadya alikuwa amesimama na sinia la chai.

"Babu, naomba ruhusa niseme."

"Watoto hawasemi katika mazungumzo ya wakubwa," nilimjibu.

Aliliweka sinia chini kwa adabu. "Basi sitasema, babu. Njooni mtazame tu."

Akaingia chumbani, nasi tukamfuata. Alisimama mbele ya nguzo, akaitoa kalenda. Fundi Msellem aliingiza vidole katika tundu, akatoa kipande, akakivunja kwa kidole gumba. Kisha akakigusisha ulimini na kutema.

"Chumvi," alisema. "Imekula nondo na saruji."

"Ndiyo maana mbuzi hawatoki kwenye ukuta huu," Shadya alinong'ona. "Wa nyuma hawaulambi hata siku moja."

Fundi alitoka na nyundo. Chini ya rangi yangu, ukuta wa mbele ulimeguka kila alipougonga. Akaenda nyuma, akaugonga ukuta wa babu Hija, na nyundo ikamrudia mkononi. Aligonga mahali pengi, ikawa vilevile. Aliporudi, hakunitazama usoni.

"Niwieni radhi, niliiangalia rangi nikaridhika. Mzee wangu, mchanga wa chumba hiki ulitoka wapi?"

Waashi walionisaidia wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Kama ningesema ni wao walioleta mchanga ule, hakuna ambaye angenikanusha. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Kisha nikamwona Shadya, kalenda mkononi, machozi yanamtoka, anangoja adhabu yangu na wala hakimbii.

"Ulitoka pwani," nilisema. "Niliuchota mimi, na sikuuosha. Harusi ilikuwa imekaribia, na mchanga wa shimo, usio na chumvi, ulikuwa mbali. Mwashi mmoja alinionya. Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu, najua."

"Miaka thelathini na minane naambiwa chumba hiki kimejengwa kwa mapenzi," alisema Bi Khairiya. "Kumbe kwa pupa!"

Fundi alicheka, nami nikacheka kwa uchungu. Seif hakucheka. Alikuwa anakitazama kitanda cha watoto kilichokuwa chini ya nguzo ile. "Na juu yake tungepandisha ghorofa," alisema, akakivuta kitanda mbali na nguzo.

Siku ileile watoto walihamia chumba cha bibi yao. Uamuzi ukageuka: chumba changu kilibomolewa chote, kikajengwa upya kwa mchanga wa shimo. Nyumba ya babu Hija ilitengenezwa. Boriti mbili zilibadilishwa, na ufa ukachimbwa na kuzibwa kwa chokaa, kama alivyofanya mwenyewe.

Jioni ya siku ile ya Ijumaa nilimwita Shadya.

"Kwa nini ulificha?"

"Niliogopa utanipiga, babu. Nilipigilia msumari."

"Msumari ni kosa, na kuficha ni kosa kubwa zaidi. Kosa lako lina wiki tatu. Langu karibu miaka arubaini. Wewe uliziba kwa kalenda, mimi niliziba kwa rangi. Lakini wewe ulifunua kabla watu hawajaumia, tena mbele ya wakubwa, na hakuna aliyekulazimisha. Mimi nimefunua kwa sababu yako. Heshima ya ukoo huu haikai katika kuta, Shadya. Inakaa kwa mtu anayesema kweli wakati uongo ungemfaa."

Sasa nasema nawe unayesoma. Ikiwa umekivunja kitu nyumbani kwenu, au umekiona kimevunjika ukanyamaza, kifunge kitabu hiki sasa hivi, uende ukamwambie mkubwa wako. Usingoje kesho. Na akikukasirikia, mwambie umetumwa na Mzee Hafidh wa Kengeja.