Sanduku la Mfungwa

Zilpah alikuwa anashona huku akiimba. Binti yake Audrey alipewa sehemu katika mchezo wa shule. Angeigiza msichana wa zamani anayepelekwa Australia.

"Mwalimu alisemaje tena?" Zilpah aliuliza.

"Transportation, Mum."

"Basi ni mambo ya transport. Na mtu wa kwetu hasafiri ovyo ovyo!"

Akamvalisha gauni la kitenge na kofia ya utepe. Akamshikisha sanduku lake la magurudumu. Mwaka jana Audrey alisahau maneno yake jukwaani, wenzake wakamcheka. Safari hii Zilpah aliapa kwamba mwanawe hachekwi.

"Umependeza, mama?" Zilpah alimuuliza bintiye.

"Yes, Mum," Audrey alijibu. Alizaliwa hapa Birmingham. Kiswahili alikielewa, lakini akijibu ni Kiingereza tu. Jambo hilo lilimuuma sana mama yake.

Jirani yao Fiona, aliyeujua mchezo huo, aliingia kurudisha bakuli. Alipoona sanduku, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Zilpah, huyu anaenda likizo?"

"Si anasafiri?"

"Anasafirishwa! Ni mfungwa. Zamani hiyo transportation ilikuwa adhabu. Hapa Uingereza, ukiiba hata kitambaa, jaji aliweza kukupeleka Australia kwa meli. Miaka saba, au maisha. Wengi hawakurudi. Na nchi ile ilikuwa na wenyewe, nao wakanyang'anywa ardhi yao."

"Ala! Na mama zao walioachwa?"

"Wafungwa wengine walisugua sarafu ikawa laini. Wakachora majina yao juu yake, wakawaachia wapendwa wao."

Zilpah alimkumbuka mama yake kule Kakamega, Kenya, akashukuru kwamba wao wana simu.

"Haya, vua kofia!" akasema. "Kumbe ningeuliza kwanza maana ya neno, ndipo nishike sindano."

Akashona gauni jingine kwa shuka kuukuu. Audrey akakata sarafu ya kadibodi, akaandika jina lake.

Siku ya mchezo, Audrey hakusahau hata neno. Hakuna aliyecheka. Mwishoni alitakiwa kuiweka sarafu mezani. Badala yake alishuka jukwaani, akaenda moja kwa moja kwa Zilpah, akamtilia sarafu kiganjani.

"Mama, usinisahau," alisema kwa Kiswahili.

Ukumbi mzima ulipiga makofi, ingawa wengi hawakuelewa. Machozi yalimtoka Zilpah, naye akicheka.

"Nitakusahau vipi," akamnong'oneza, "na leo ni zamu yako kuosha vyombo?"