Shati Jeupe na Dari la Mwalimu

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyesema hivyo hakuwahi kuuza nyumba hata moja. Kwenye udalali wa nyumba, chema kisipojitembeza kinaota majani mlangoni, na kibaya kikipigwa picha asubuhi, jua likiwa upande mzuri, kinajiuza chenyewe kabla ya saa sita. Funguo alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana siku ile, amesimama sebuleni kwa Mwalimu, alitamani sakafu ipasuke immeze.

Tone. Tone. Tone.

Maji yalikuwa yakidondokea kwenye beseni katikati ya sebule. Juu, dari lilikuwa limevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Mezani madaftari ya wanafunzi yametandazwa yakauke, wino mwekundu wa kusahihishia umetiririka mpaka alama za mtoto mmoja zimehamia kwa mwenzake.

"Karibu ukae, dada," Mwalimu alisema. "Ila si kwenye hilo kochi. Hilo limeshakunywa."

"Mwalimu, pole sana. Kumbe mvua ya jana..."

"Pole utanipa baadaye. Kwanza nisikilize nikisoma." Mwalimu akavaa miwani, akaishika simu mbali kidogo na uso, akasoma kwa sauti ile ile ya kusomea imla darasani: "'Mkaguzi wetu Ngazi alipanda darini mwenyewe, akakagua kenchi za paa moja baada ya nyingine, akakuta pakavu kama kiberiti.' Hii blogu ni yako?"

"Ni yangu."

"Na huyu anayechekelea na funguo mkononi ni mimi?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Haya. Leo asubuhi nimepanda huko darini, na umri wangu huu, kwa stuli juu ya meza. Mbao za upande ule zimeoza. Si za mvua moja, dada, ni uozo wa miaka. Nakuuliza kama ninavyowauliza watoto wangu: alipanda?"

Tone.

"Ngoja nimpigie," Funguo akasema, akatoka barazani. Masikio yalikuwa yanamuwaka.

Funguo halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alilipata kwenye blogu yake, Funguo Mkononi, aliyoianza akiwa dalali asiye na ofisi, mwenye simu moja iliyopasuka kioo. Kila Ijumaa alimtambulisha mtu mmoja wa kazi za nyumba: wakili wa mikataba, mthamini, mpima viwanja, fundi bomba. Hakumwandika mtu kabla hajamwona kazini kwa macho yake. Waliotambulishwa waliisambaza makala kwa watu wao, na mteja akipita kwa mmoja, anaelekezwa kwa mwingine. Wakili akipata mtu anayetafuta nyumba, kwa Funguo. Funguo akipata mnunuzi anayetaka mkataba, kwa Wakili. Hakuna aliyesaini popote. Gundi ilikuwa neno la Funguo tu, kwamba akisema nimeona, ameona.

Mkaguzi wa majengo alikuwa wa tisa kuandikwa. Watu walimwita Ngazi, kwa sababu gari lake dogo la mizigo halikutembea bila ngazi kufungwa juu. Siku Funguo alipokwenda kumwona kazini, alishuka kutoka darini kwa watu na utando wa buibui kwenye nyusi.

"Umenipiga picha nzuri?" akauliza.

"Picha nzuri. Mwenye picha ndiye ana mgeni usoni."

Wakacheka. Ijumaa iliyofuata makala ikatoka, na baada ya hapo hakukuwa na wiki waliyopitisha bila kuonana, kuna nyumba au hakuna.

Sasa simu iliita mara moja tu.

"Mama wa nyumba," Ngazi alipokea kwa furaha. "Kadi za harusi zimetoka. Wameandika jina langu vizuri, mpaka nimejiogopa."

"Niko kwa Mwalimu."

"Mwalimu yupi?"

"Wa shati."

Alielewa palepale. Miezi mitatu nyuma, Jumamosi ya kuikagua nyumba ya Mwalimu ilikuwa ndiyo Jumamosi ya Ngazi kupelekwa kwa wazazi wa Funguo. Alikuja kazini amevaa shati jeupe, jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Alikwisha kuegemeza ngazi kwenye tundu la dari, na mguu mmoja juu, Funguo alipomshika mkono.

"Unakwenda wapi na shati hilo?"

"Juu. Kazini."

"Na baba yangu akuone umejaa masizi? Dari hilo zima, huoni? Mwezi mzima mvua haijanyesha. Ukatuaibishe kwa ajili ya buibui?"

"Sijawahi kusaini bila kupanda."

"Basi leo usipande kwa ajili yangu."

Na Ngazi, mwanaume mwenye msimamo kwa kila mtu isipokuwa kwake, akaushusha ule mguu. Akasaini ripoti juu ya boneti ya gari. Jioni baba mtu alilisifu shati mpaka mama akamwambia ampumzishe kijana. Ijumaa yake Funguo aliandika makala ya Mwalimu kukabidhiwa funguo, na kwa kuwa makala ilihitaji nguvu kidogo, akaongeza kile kiberiti. Haikuwahi kutokea makala iliyosambazwa kama ile. Mawakili wawili wapya, mthamini mmoja na ofisa wa mikopo ya nyumba waliingia kwenye mtandao wake kwa sababu ya sentensi moja ya uongo.

"Linavuja?" Ngazi aliuliza.

"Halivuji, linamwaga. Anataka kujua kama ulipanda."

"Umemwambiaje?"

"Bado."

"Sikiliza. Ifute hiyo makala. Ifute kimya kimya, na mimi kesho nakuja naziba kimya kimya. Kila mtu atajua ni mvua."

"Sio mvua, Ngazi. Mbao zimeoza."

"Mpenzi, mimi nauza sahihi yangu. Ikichafuka sina kingine cha kuuza. Na harusi wiki tatu!"

"Na mimi nauza nini?"

"Wewe unaandika tu."

Neno hilo lilimchoma mahali ambapo hakujua pana kidonda.

"Basi nitaandika," akasema.

"Ukiandika, usinipigie tena."

Akakata. Funguo akabaki anatazama bustani ndogo ya Mwalimu, mistari ya maua iliyonyooka kama wanafunzi wa mstarini. Kisha akarudi ndani, na hakukaa, maana kwa kesi ile ilifaa asimame.

"Hakupanda, Mwalimu. Mimi ndiye niliyemzuia. Alikuwa na shati jeupe la kwenda kwa wazazi wangu, nikaogopa litachafuka. Halafu nikaandika kwamba alipanda."

Mwalimu akavua miwani.

"Shati?"

"Shati, Mwalimu."

"Kwa hiyo mimi miezi mitatu nimelala chini ya shati la mtu."

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alivuta tu beseni kidogo kwa mguu, tone likaangukia katikati.

"Naomba unisamehe, Mwalimu."

"Nimekusikia. Kukusamehe ni somo jingine, halipo kwenye ratiba ya leo."

Jioni ileile, akiwa amekaa kitandani na viatu miguuni, Funguo aliandika. Hakuifuta makala ya zamani. Aliiacha na kiberiti chake, na juu yake akaweka mpya: "Nilisema nimeona. Sikuona." Akaeleza tundu la dari, mkono aliomshika mchumba wake, boneti ya gari, na ile sentensi. Kabla hajaibonyeza iende, alimpigia Ngazi mara saba. Hakupokelewa. Akatuma ujumbe:

"Nimeandika. Isome kabla watu hawajakusomea."

Hakujibiwa. Akabonyeza.

Asubuhi simu yake ilikuwa kama nyumba yenye msiba, kila mtu anaingia. Wa kwanza alikuwa Wakili, mama mtu mzima aliyempa wateja wake wa kwanza kabisa.

"Binti, Mwalimu nilimleta mimi. Nilimwambia, nenda kwa yule, yule hadanganyi."

"Najua, Wakili. Naomba radhi."

"Nimetuma watu kumi na nne kwako mwaka huu. Sasa nawapigia mmoja mmoja niwaulize dari zao. Unajua aibu ya kumwuliza mteja habari ya dari?"

"Naijua, mama."

"Huijui. Lakini unajifunza vizuri."

Mthamini aliandika sentensi moja: "Nitoe kwenye orodha yako." Ofisa wa mikopo hakuandika kitu, alijitoa tu. Fundi bomba ndiye pekee aliyeweka maoni chini ya makala: "Mimi nabaki. Bomba zangu hazivai shati." Watu mia mbili wakacheka. Funguo alicheka pia, kisha akalia juu ya sinki la jikoni, maji yakiwa yamefunguliwa ili majirani wasisikie.

Mama mkwe mtarajiwa hakuwa na maneno ya kuzunguka.

"Mwanangu ametoka kazini anakuta watu wanamwonyesha simu. Mke gani anamvua mume nguo sokoni?"

"Mama, nilijiandika mimi kwanza."

"Wewe ukijivua ni hiari yako. Yeye nani alimwuliza? Mwombe radhi, ufute, harusi iendelee. La sivyo kadi hizi tutawashia moto."

Baba yake Funguo alipiga mwisho. Alikohoa kwanza, kama kawaida yake kabla ya neno zito.

"Mwanangu, lile shati nililisifu sana?"

"Sana, baba."

"Mpaka meza yote ikasikia?"

"Mpaka jirani, baba."

"Ehee." Akakohoa tena. "Basi na mimi naona aibu. Angekuja na masizi ningemwuliza kwa nini, angesema alikuwa kazini, na mimi ningemwoza siku ileile."

Siku nne Ngazi hakuonekana wala kusikika. Jumamosi Funguo alibeba nailoni kubwa na beseni la pili, akaenda kwa Mwalimu. Alishajua hatafunguliwa mlango kwa tabasamu, lakini beseni halihitaji tabasamu.

Getini akakuta gari dogo la mizigo. Halina kitu juu. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani, na mtu yuko huko juu anang'oa mabati, misumari inapiga kelele kama paka. Chini ya ukuta, mbao mpya zimepangwa.

Mtu akageuka. Alikuwa amevaa lile shati jeupe. Halikuwa na weupe tena: masizi kifuani, kutu begani, mfuko umechanika unaning'inia kama ulimi.

"Hilo shati si lilikuwa la harusi?" Funguo alimwuliza.

"Lilikuwa."

"Umelivaa makusudi."

"Nilitaka nijue lina uzito gani."

Mwalimu akatoa kichwa dirishani. "Amekuja tangu saa kumi na mbili. Nilimwacha getini saa nzima. Akasema atasubiri. Nikaona mtu anayejua kusubiri mlangoni anaweza kuruhusiwa kupanda." Kisha akamgeukia Funguo. "Hilo beseni weka ndani. Na ushike ngazi, isije ikateleza nikapata na maiti."

Funguo akashika ngazi. Juu yakang'oka mabati mawili mengine.

"Nimeisoma mara nne," Ngazi akasema kutoka juu. "Nilikuwa natafuta mahali ulipojitetea, nikugombeze vizuri. Sikupata."

"Hapakuwepo."

"Uliandika kwamba nilikuwa na mguu mmoja juu."

"Ulikuwa nao."

"Wakili amenipigia. Anasema nizikague upya nyumba zote kumi na nne, yeye mwenyewe atakuja kushika ngazi." Akapiga msumari, akakosa, akapiga tena. "Nimeaibika, Funguo. Mpaka muuza duka ameniuliza kama nanunua sabuni ya mashati meupe."

"Samahani kwa kukushika mkono siku ile. Ile ni dhambi yangu, na nitaibeba. Ulikuwa unafanya kazi yako, mimi nikakushusha."

Ngazi akashuka vipandio vitatu, akabaki juu yake kidogo, uso umejaa vumbi, utando wa buibui kwenye nyusi kama siku ya kwanza.

"Hiyo nimeipokea. Na mimi nina yangu: nilikwambia ufute. Nilikwambia unaandika tu. Nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Mama bado ana kadi. Hajaziwasha. Anataka neno moja tu kutoka kwako, na mimi, sikufichi, nalitaka pia. Useme samahani kwa kuniandika. Si lazima iwe mbele za watu. Hapa tu. Mimi, wewe na ngazi."

"Na mimi!" Mwalimu akaita kutoka ndani.

Funguo akaishika ngazi kwa mikono yote miwili. Alimtazama mwanaume yule mchafu kuliko alivyowahi kumwona, na hakuwahi kumtaka kama alivyomtaka saa ile. Neno lenyewe lilikuwa dogo. Lingetoka mara moja na harusi ingeendelea.

"Kwa Mwalimu nimeomba, na nitaomba mpaka liingie kwenye ratiba. Kwa Wakili nimeomba. Kwako nimeomba kwa ajili ya mkono huu uliokushusha."

"Na kwa kuandika?"

"Kamwambie mama kadi ni zake, azisambaze au azichome. Wewe panda umalizie bati, ngazi nimeishika. Kwa kuandika siombi."