Fundi Aliyelishwa Maneno

Kila asubuhi, akienda shule, Chiriku alimsalimia fundi baiskeli wa jirani bila kupunguza mwendo. Jina hilo alipewa na mama yake, maana mdomo wa binti huyu haukujua kupumzika. Lakini Ijumaa hii alipita kimya, akarudi, akasimama mlangoni mwa karakana akiminya mkanda wa mkoba.

Darasa lao lilikuwa likitengeneza kamusi ya ukutani. Kila mwanafunzi alipewa neno, amuulize mtu mzima maana na asili yake, kisha aandike chini ni nani aliyemwambia. Chiriku alipewa kitovu cha gurudumu. Siku ya kuuliza alimkuta fundi ana wateja, na wenzake walikuwa wanamngoja wakaruke kamba. Akaandika ya kwake: kwamba zamani aliishi fundi hodari aitwaye Kito, ndiyo maana tunasema kitovu. Chini akaongeza, "Nimeambiwa na fundi baiskeli." Mwalimu alifurahi mno, hata akamwalika fundi aje leo kulisimulia darasa habari za huyo Kito.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Leo umemeza sauti?"

Akamweleza yote, machozi yakimlengalenga. Fundi alikuwa amezungusha gurudumu lililoning'inia. Akaliacha mpaka likasimama lenyewe.

"Kumbe. Mwalimu wako alinitajia Kito, nikadhani ni mteja niliyemsahau," alisema. "Umenilisha maneno, mwanangu. Hata kutafuna sijatafuna."

Chiriku akainama, asijue acheke au alie.

Fundi akamwonyesha kile kipande cha katikati kinachoshika spoki zote. "Aliyenifunza kazi alinigusisha hapa, kisha akanionyesha tumbo langu. Kitovu ni hicho ulichonacho wewe. Kiko katikati ya mwili, na hiki kiko katikati ya gurudumu. Nani alianza kukiita hivyo, sijui."

"Niandike kwamba hujui?"

"Andika. Si ndiyo kweli?"

Darasani, Chiriku alisimama kabla fundi hajaketi. Akasema alichofanya, akabandua karatasi yake. Wenzake walicheka, na mmoja akauliza kama marehemu Kito aliacha watoto. Mwalimu aliwangoja wanyamaze.

"Ukiandika jina la mtu chini ya maneno, umemfanya shahidi," alisema. "Basi kwanza umuulize. Na kutojua si aibu. Aibu ni kutunga jambo, kisha ukamtwika mwenzako."

Chiriku akaandika upya, pamoja na lile "hajui", akabandika. Kifua kilikuwa chepesi kama cha mtu aliyetua ndoo ya maji. Fundi akasogea ukutani, akasoma taratibu akifuata mistari kwa kidole, mpaka akafika chini kabisa.

"Haya nimesema," alisema.

Kidole chake kikaacha doa dogo la grisi kando ya neno "fundi", na hakuna aliyelifuta.