Lalamiko la Mashine ya Kupumulia

Majidi alikutwa amelala kifudifudi juu ya meza yake ya kazi, saa mbili kasoro asubuhi, simu ikiita pembeni mwa mkono wake. Ilikuwa ikiita tangu jana. Kila aliyenunua kitu mtandaoni akaletewa kingine alikuwa na namba ile.

Inspekta Levina alizunguka meza taratibu. Damu ilikwisha kuganda kisogoni. Mfupa ulikuwa umebonyea. Pigo moja, zito, kutoka juu.

"Amepigwa akiwa amekaa," alimwambia Konstebo Kornel. "Wala hakugeuka."

"Labda hakusikia mtu akiingia, afande."

"Au alisikia, hakujali."

Daktari alikadiria kwamba marehemu alikufa jana yake mchana, kati ya saa saba na saa tisa. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, haukufungwa. Hakuna kilichoibwa.

Veneranda, mwenye ofisi, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nje, kanga mdomoni. Yeye ndiye aliyeikuta maiti. Jana alishinda stendi akipokea mizigo, akapitiliza nyumbani. Kwa miaka mitatu alikuwa akiendesha Msafara Mnada, mnada wa mtandaoni ambao watu wa kuanzia Kigoma hadi Singida walishindania bidhaa kwa simu. Aliyeshinda alitumiwa mzigo wake kwa basi.

"Majidi kazi yake ilikuwa nini hasa?" Levina aliuliza.

"Msuluhishi. Mnunuzi analalamika, muuzaji anajibu, Majidi anaamua."

"Na akishaamua?"

"Imekwisha."

"Alikuwa akisikiliza mashauri mangapi kwa siku?"

Veneranda aliishusha kanga mdomoni. "Mengi mno. Mimi ndiye niliyemwambia asitumie zaidi ya dakika kumi kwa kila shauri."

"Nani alimtishia?"

Mama yule alicheka, kicheko kikavu. "Uliza nani hakumtishia."

Kornel alikwisha kumpata mmoja. Wenceslaus, mfanyabiashara wa Chemchem, hapo hapo Tabora mjini, alikuwa ameandika juzi kwamba atamvunja Majidi miguu, kwa sababu alinunua simu, akafungua boksi, akakuta mche wa sabuni. Alikamatwa kabla ya saa nne. Saa sita akaachiwa. Jana kutwa alikuwa mnadani Igunga, na watu kumi na wawili walimwona akigombana na muuza ng'ombe.

"Huyu ni mtu wa kelele," Levina alisema. "Aliyeingia mle ndani hakupiga kelele. Mafundi cherehani wa chumba cha pili hawakusikia hata neno."

Alirudi eneo la tukio. Alipiga magoti, akamulika chini ya kabati. Palikuwa na gurudumu dogo la plastiki, limekatika kwenye shina lake. Nyuma ya mlango palikuwa na mrija laini, mweupe, wenye vijipembe viwili vifupi katikati.

"Wa kunyonyea mafuta?" Kornel aliuliza.

Levina aliuinua kwenye mwanga. Mrija kama ule ulikuwa puani mwa baba yake wiki tatu za mwisho za maisha yake.

"Wa kupumulia," alisema. "Fungua kompyuta ya marehemu. Tafuta oksijeni."

Tangu mwezi uanze yalikuwa yameingia malalamiko mia mbili na kumi na moja. La oksijeni lilikuwa moja tu. Mnunuzi aliitwa Lugembe, wa kijiji kimoja nje ya Nzega. Levina alisoma kwa sauti ya chini, Kornel akiwa amesimama nyuma yake.

*Mashine ya kupumulia imefika. Haifanyi kazi. Mke wangu ana hali mbaya. Naomba msaada.*

*Tuma video ya kufungua boksi.*

*Sikupiga video. Nilifungua haraka, mgonjwa alikuwa anahangaika.*

*Bila video lalamiko halipokelewi. Muuzaji anasema iliondoka ikiwa nzima.*

*Kaka, nakuomba. Tumeni hata mtu mmoja aje aione.*

*Lalamiko limefungwa.*

Tangu ujumbe wa kwanza hadi wa mwisho zilipita dakika sita. Siku nne baadaye Lugembe aliandika tena: *Amefariki. Mashine bado ipo. Njooni muione.*

Hakuna aliyejibu.

Kornel alikohoa, akatazama dirishani. "Tumfuate, afande?"

"Tumfuate."

Lugembe hakukimbia. Walimkuta ameketi peke yake chini ya turubai la msiba, mkulima wa pamba wa miaka hamsini na ushee, mikono imekakamaa. Kando yake palikuwa na kitu kilichofunikwa kitenge. Levina alikifunua. Mashine ilikuwa na magurudumu matatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," alijibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Nilijua mtakuja. Nimekwisha kuoga."

Mashine ilipelekwa Tabora kama kielelezo. Wataalamu walichukua alama za vidole na damu iliyokaukia kwenye pembe ya chini. Kesho yake asubuhi Levina akaipeleka Hospitali ya Kitete kwa Adriano, fundi wa vifaa vya tiba. Adriano aliichomeka ukutani. Ikaguna, ikatulia, ikaanza kuvuta na kutoa pumzi.

Levina aliitazama kama mtu aliyetukanwa. "Inafanya kazi?"

"Vizuri kabisa. Ni pembe tu iliyopondeka."

"Mwenyewe anasema haikuwahi kuwaka."

Adriano alifikiri, akaenda kuleta kifaa cha kupunguza nguvu ya umeme, akaiunganisha tena. Safari hii mashine ililia mara tatu, ikazimika.

"Umeme ukishuka sana inajizima yenyewe, isiungue," alisema. "Muuzaji hakudanganya, afande. Na mnunuzi naye hakudanganya."

Alasiri ile Lugembe aliketi katika chumba cha mahojiano. Levina alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na akisema, maneno yake yatatumika mahakamani.

"Una haki ya kuwa na wakili, au ndugu yako."

"Ndugu anayenitaka sina. Andika tu, mayu."

"Alhamisi ulikwenda ofisini kwa Majidi?"

"Nilikwenda."

"Na mashine?"

"Na mashine. Kondakta aliifunga kwenye buti."

"Mkeo alikuwa amekwisha kuzikwa. Ulitaka nini? Fedha zako?"

Lugembe alitikisa kichwa. "Karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya kusema mashine ilikuwa mbovu." Alifuta meza kwa kiganja. "Minza alikuwa akiponda mawe ya dhahabu tangu tuoane. Lile vumbi ndilo lililommaliza kifua. Hospitali wakasema atafutiwe hewa ya nyumbani. Nikauza ng'ombe wote. Kwenye mazishi kaka zake wakasimama mbele ya watu, wakasema nilimnunulia chuma chakavu kwa ubahili. Wakasema nimemuua dada yao. Wanangu wakaondoka nao. Nikasema, yule mwamuzi akiandika kwamba nilitapeliwa, watoto watarudi."

"Majidi alisemaje?"

"Alisema shauri limefungwa. Nikamwambia, chomeka tu hapo ukutani, dakika moja, uone. Akasema foleni ni ndefu, mzee. Alikuwa anaandika. Hakuniangalia, mayu. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Ile mashine nilikuwa nimeikumbatia. Nikainyanyua."

"Ukampiga."

"Nikampiga. Mara moja. Kisha nikamwomba radhi, lakini alikuwa hasikii."

Kornel aliandika mpaka mwisho wa ukurasa. Lugembe alisaini kwa herufi kubwa, akairudisha kalamu kwa mikono miwili. Levina alikuwa akiinuka kitini mzee alipomuuliza.

"Nyie mmeijaribu mashine?"

Angeweza kusema hapana. Jambo hilo lingesemwa mahakamani na fundi, mbele ya shemeji zake wote, baada ya miezi. Alikaa tena.

"Umeme wa kwenu ukoje, baba?"

"Upo. Ila taa inawaka nyekundu. Sisi tuko nguzo ya mwisho."

"Mashine yako ni nzima. Umeme ulikuwa mdogo kwake. Kwa hiyo ikajizima."

Mzee aligeuka, akatazama soketi ya umeme ukutani.

"Yule kijana angeichomeka pale ofisini..."

"Ingewaka."

"Minza alikuwa amekwisha kufa."

"Ndiyo. Lakini hata siku ile ya kwanza angekwambia uilete, mngejua."

"Tungefanyaje?"

"Kuna kifaa kinachopandisha umeme. Kinauzwa madukani."

"Huku mjini?"

Levina alitamani aseme ndiyo, huku mjini tu, mbali.

"Nzega pia kipo," alisema.

Lugembe aliinama polepole mpaka paji la uso likagusa meza. Akaanza kumwita mkewe kwa jina, kwa sauti ya chini, tena na tena, kama mtu anayejaribu kumwamsha aliyelala.