Kurasa Alizozichana Zubeiri

Nilikwenda Arua kutafuta mwisho wa riwaya.

Nyumbani niliaga kwamba nakwenda kununua ukindu na rangi, maana mimi hufuma tabaga, zile sinia za rangi ambazo sisi Wanubi wa Uganda hufunikia chakula cha wageni. Haukuwa uongo. Ukindu niliununua kweli. Lakini nilipomaliza, miguu ilinipeleka kwenye kibanda cha Muzamili, muuza vitabu, na jua lilikuwa limekwisha kuanza kushuka.

Mume wangu Zubeiri, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa jeshi. Kusoma Kiswahili alijifunzia kambini. Kilichomtoa jeshini ni lori lililopinduka na kumvunja mguu, na tangu hapo akawa anaukokota. Jioni hakuwa na kazi ila kukaa kwenye kigoda chake barazani na kunisomea riwaya, mimi nikifuma.

Alikuwa msomaji mkali. Sikuwahi kumsikia akisifu mwisho wa kitabu. Mwisho ukiwa mzuri, alinyamaza tu. Ukiwa mbaya, alikipiga kitabu gotini, pa! Kisha alisema, "Mwandishi amechoka. Amelala, kalamu iko mkononi."

Kitabu cha mwisho kunisomea kilikuwa cha mwanamke mmoja aitwaye Nuru, muuza chai aliyefiwa na mume. Tulimpenda Nuru. Alilea watoto wake peke yake karibu na mto wenye vita. Hakumfungulia mtu mlango kabla ya kumhoji mpaka mtu huyo achoke. Hata askari walisimama mvuani wakijibu maswali yake. Zubeiri alipofika hapo alicheka akanitazama. "Huyu ni wewe," alisema.

Halafu jioni moja akakoma katikati ya kusoma.

"Imeishia hapa," akasema. "Karatasi ya mwisho hakuna. Walituuzia kitabu mbovu."

Nililalamika kama mtu aliyenyang'anywa chakula mdomoni. Yeye alitikisa kichwa tu. Baada ya hapo homa ilimshika, na haikumwachia.

Nilikaa eda yangu ndani, katika nyumba yetu ya Koboko, pamoja na wifi yangu Rehemah. Eda ilipokwisha, kigoda kikaanza kulia barazani.

Kila magharibi. Kwanza kigoda, kama mtu mzito anakaa. Halafu harufu ya mafuta ya karafuu, ambayo Zubeiri alipaka kwenye jino lake bovu. Halafu, jioni moja, sauti.

"Mama Rashida..."

Rashida ni binti yetu, aliyeolewa Yumbe. Zubeiri hakuniita kwa jina jingine.

"Mama Rashida... mwisho iko wapi? Nisomee mwisho."

Sikumwambia mtu. Nilimwomba Mungu anipe subira. Halafu nikapanda gari kwenda Arua.

Muzamili aliponiona aliacha kufunga kibanda akanipa mkono kwa mikono miwili.

"Mama, pole sana. Mimi nilisikia habari ya mzee. Mungu iweke yeye pahali pazuri."

"Amina. Muzamili, kile kitabu cha Nuru ulichomuuzia hakikuwa na mwisho. Huna kingine?"

Alinitazama. Kisha akacheka, akaziba mdomo kwa aibu ya kumcheka marehemu.

"Mzee alidanganya wewe, mama! Kitabu ilikuwa mzima. Yeye mwenyewe alichana. Alikuja hapa na hasira, nikafikiri ananipiga. Akaweka karatasi juu ya meza, akasema, 'Muzamili, rudishia yule mutu aliandika. Mwambie Zubeiri amekataa.' Mimi nilicheka karibu nianguke."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema tu, 'Hii, mama asisikie.'"

Alipapasa chini ya meza akatoa kurasa chache zilizokunjwa. Alizishika kidogo kabla ya kunipa.

"Mama, mzee alikataza..."

"Mzee amebadili mawazo," nikasema.

Hakuniuliza amebadilije mawazo mtu aliyezikwa. Nami nilijua vizuri nilichokuwa nafanya. Mume wangu akiwa hai hakutaka nisikie. Aliye barazani alitaka nisome. Nilijiambia kwamba ni mtu yuleyule, na kwamba kaburini mtu hupata nafasi ya kufikiri tena.

Nilifika Koboko mwadhini akiadhini magharibi. Rehemah hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwa jirani kusaidia mapishi ya arusi. Nilifunga mlango, nikasukuma komeo, nikaswali. Niliwasha taa ya sola, nikakaa chini kwenye mkeka, mgongo ukiegemea mlango.

Nikangoja.

Kigoda kikalia.

Harufu ya karafuu ikapita chini ya mlango. Safari hii ilikuwa na harufu nyingine nyuma yake... ya udongo mbichi, kama shimo lililofukuliwa muda huohuo.

"Umeleta?"

"Nimeleta."

"Soma."

Nilisoma. Mimi si msomaji kama yeye. Nasoma polepole, kidole kikiwa kwenye mstari. Nje palikuwa kimya. Hata wadudu walinyamaza. Nilisikia pumzi tu upande wa pili wa ubao, chini, sawa na kichwa changu. Yaani hakuwa tena kwenye kigoda. Alikuwa amekaa chini kama mimi, mgongo wake kwenye mgongo wangu.

Mwisho wenyewe ulikuwa hivi. Jioni moja mume wa Nuru anarudi kutoka mtoni alikozama. Anasimama mlangoni, anamwita. Na Nuru, yule Nuru wetu, haulizi hata swali moja. Anafungua. Anaacha birika jikoni likichemka, anawaacha watoto wamelala, anamshika mkono wake wenye maji, wanaondoka. Mwandishi anasema mapenzi yameshinda. Wale watoto hawatajwi tena.

Nilifika kwenye nukta ya mwisho nikahisi nimeonewa. Kitabu kizima mwanamke ni jabali, halafu mwishoni anageuzwa kuwa mtu asiye na akili, ili kitabu kipate kwisha. Nilitamani kumpata huyo mwandishi nimwulize, birika nani aliliipua? Hapo nikaelewa kwa nini Zubeiri alizichana.

Nikageuza sikio kwenye ubao. Nilikuwa nangoja lile pa! la gotini. Nilikuwa nangoja aseme mwandishi amechoka. Nadhani ndicho nilichokifuata Arua. Si mwisho wa kitabu. Nilitaka kumsikia akikasirika tena.

Kimya.

Halafu pumzi ndefu, ya mtu aliyeshiba.

"Tamu," sauti ikasema. "Mwisho tamu sana, Mama Rashida."



"Umeona Nuru? Yeye alifungua. Na wewe fungua."

Ilikuwa sauti ya Zubeiri. Mikwaruzo yake, pengo lake la jino, kila kitu. Niseme ukweli, mkono wangu ulikuwa umekwisha kupanda kwenye komeo. Chuma kilikuwa cha baridi kama kimetoka kisimani.

"Zubeiri," nikanong'ona. "Kitabu hiki umekipenda?"

"Nimependa sana. Fungua."

"Mume wangu hakusifu hata kimoja." Nikauondoa mkono kwenye komeo. "Mume wangu angesema mwandishi amechoka. Amelala, kalamu iko mkononi. Wewe ni nani?"

Kitu kilipita juu ya ubao, taratibu, kutoka chini hadi juu. Kilikuwa kama kiganja. Kilipita mahali kichwa changu kilipokuwa, kikaendelea... juu ya urefu wa mtu... hadi kwenye kizingiti.

Nikaanza Ayatul Kursiyu. Ulimi ulikuwa mzito. Nilipokosea nilirudi mwanzo. Na katikati ya aya, huko nje barazani, nilisikia.

Pa!

Mlio wa kitu kilichopigwa gotini. Kurasa nilikuwa nazo mimi, mkononi.

Baada ya hapo, kimya. Kisha hatua uani, na mlango ukagongwa.

"Wifi! Fungua, mikono imejaa."

"Wewe nani?"

"Mimi nani? Mimi nani namna gani? Mimi Rehemah!"

"Mbuzi wako aliyekufa mwaka jana alikuwa na jina gani?"

"Lahaula! Unataka kumrithi? Alikuwa Sukari. Fungua, mbu iko inanimaliza hapa!"

Nikafungua. Aliingia na bakuli la pilau akinung'unika kwamba mjane akikaa sana peke yake huanza kuhoji mbuzi. Kisha akaniona uso, akaliweka bakuli chini.

"Nani alikukasirisha? Wale wanaume?"

"Wanaume gani?"

"Wale wawili, barazani."

Nilisukuma komeo tena.

"Niliwasikia kutoka njiani," Rehemah alisema. "Walikuwa wanabishana polepole, kama watu hawataki kuamsha mtoto. Mmoja alikuwa kwenye kigoda cha kaka, mmoja amesimama. Nilipoingia uani, hakuna mutu. Nikajua wameondoka kwa upande wa choo."

"Walikuwa wanabishana nini?"

"Sikushika yote. Mmoja alisema, 'Tamu, tamu.' Mwingine alisema amechoka. Sijui nani amechoka."

"Yule wa kwenye kigoda alikuwa yupi?"

"Wifi, giza yote ile, ningejuaje?"

Asubuhi nilipanda boda hadi Lurujo kwa Shehe Hamuza, aliyemswalia mume wangu alipozikwa. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Kila mwanadamu ana karini," akasema. "Jini aliyezaliwa naye. Anakula naye, anasikia kila neno lake. Mtu akifa, yule habaki na kazi. Anajua sauti, anajua harufu, anajua mlango. Usimfungulie."

"Shehe, na yule wa pili?"

"Mume wako yuko barzakhi, anangoja siku yake. Hana haja ya kigoda."

"Kwa hiyo wa pili ni nani?"

Shehe akasema nizichome zile kurasa, nisome Yasini kwa nia ya marehemu, na magharibi nisimfungulie yeyote anayeniita kutoka nje. Yeyote. Alilirudia neno hilo.

Nilizichoma kwenye jiko la mkaa, mbele ya Rehemah. Zilikunjamana, zikawa nyeusi, zikaisha.

Jioni hiyo Rehemah alikwenda tena kwenye arusi. Alitaka kubaki nami, nikamkataza. Nilimwambia Mungu yupo. Lakini moyoni nilikuwa na neno jingine, nalo sikulitamka: nilikuwa namngoja yule wa pili.

Niliswali. Nikakaa mgongo mlangoni. Nikafungua Yasini.

Kigoda kikalia.

Harufu ilikuwa karafuu tupu. Hakukuwa na udongo.

Pa!

"Mama Rashida. Mwandishi amechoka. Amelala, kalamu iko mkononi."

Machozi yalinitoka kabla sijajua nalia. Maneno hayo nilikuwa nimeyatamka mwenyewe jana, mlangoni hapohapo. Kila aliyekuwa nje aliyasikia. Nililijua hilo. Hata hivyo nililia.

"Ndiyo sababu nilichana," sauti ikasema, chini kabisa. "Usisikie. Usije ukafuata yule mwanamke."

Habari za kuchana sikuzitamka mlangoni. Lakini karini alikuwepo alipozichana. Alikuwepo kwa Muzamili. Nilimhoji kama Nuru wa zamani alivyowahoji askari. Nilimwuliza lori lilipindukia wapi. Akajibu. Nilimwuliza alininong'oneza nini Rashida alipozaliwa. Akajibu. Kila swali alilijibu, na kila jibu karini alikuwa analo pia.

"Kama ni wewe," nikasema, "unataka nini?"

"Hapana fungua," akasema. "Mama Rashida, hata nikiomba, hapana fungua."

Mwenyezi Mungu ananiona. Yule wa jana aliponiambia fungua, niliogopa. Huyu aliponiambia nisifungue, nilisimama nikashika komeo kwa mikono miwili. Ni nani mwingine angenikataza? Upande ule wa ubao alikuwepo mtu aliyenipenda, na mimi nilikuwa namwacha nje kama mbwa.

Nililishika komeo hadi viganja vikauma. Sikulifungua. Nilisoma Yasini kwa kichwa, nikilia, nikirudia pale nilipokosea.

Mwadhini akaadhini isha.

Nje, mtu alinyanyuka. Nilisikia hatua zikishuka barazani. Mguu mmoja unakanyaga, mmoja unakokota. Unakanyaga... unakokota. Zilivuka uani taratibu, zikashika njia ya makaburini, zikafifia hadi sikusikia kitu tena.

Nilishusha pumzi. Nikaachia komeo. Nikasema alhamdulillahi.

Nje ya mlango, kigoda kikalia, kama mtu mzito anakaa.