Siku Baba Aliponyanyua Mikono Kwenye Kinanda

Baba yangu alikuwa fundi saa. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba yetu, na mlango wake ulitazama barabara. Saa za ukutani zilining'inia kila mahali, na kila moja ilitaja wakati wake. Mteja akiuliza, "Fundi, ni saa ngapi?" Baba aliangalia mkononi mwake, kisha akacheka.

"Hizi za ukutani ni wagonjwa," alisema. "Mgonjwa haulizwi habari za mjini."

Mpaka leo nikinusa mafuta ya saa, namwona Baba ameinama mezani, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Moyo unanirudisha kule kule.

Nyumba yetu ilikuwa ya waimbaji. Mama aliimba akipiga pasi. Baba aliimba akipuliza vumbi ndani ya saa. Lakini aliyetupita sote ni Bibi, mama yake Baba. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hata kitabu cha nyimbo hakuweza kukisoma. Wala hakukihitaji. Nyimbo zote alikuwa nazo kichwani, kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, yenye mikwaruzo kidogo.

Kila Jumapili nilimshika mkono hadi kanisani. Tuliketi kwenye benchi lililo karibu na dirisha, kwa sababu Bibi alipenda kuhisi jua usoni. Akianza kuimba, nilimwegemea. Wimbo ulitetemeka ndani yake, na mimi niliusikia kwa bega langu. Nilikuwa mtoto, nami nilidhani hivyo ndivyo Mungu anavyosikika.

Baba ndiye aliyepiga kinanda kanisani. Kilikuwa kinanda cha zamani cha kukanyaga kwa miguu. Kilihema kama mzee anayepanda ngazi. Kibao kimoja kilikuwa bubu, na Baba alizoea kukiruka. Hakuna aliyejali. Watu waliimba kwa nguvu, na kinanda kiliwafuata.

Kisha kanisa likapata kinanda kipya cha umeme.

Kilikuwa na vitufe vya kila namna. Ukibonyeza hiki, unapata filimbi. Ukibonyeza kile, unapata tarumbeta. Kitufe kingine kilipandisha wimbo mzima juu, bila mpigaji kuhangaika. Baba alikizunguka kinanda kile siku ya kwanza kama mtu anayekagua gari.

"Sasa tutamsifu Mungu!" alisema.

"Kwani zamani tulikuwa tunamsifu nani?" Mama aliuliza.

Baba alikuwa amekwisha kuwasha umeme.

Jumapili iliyofuata, ubeti wa kwanza aliupiga kwa filimbi. Wa pili akaupiga kwa tarumbeta. Wa tatu akaupandisha juu, na wa nne akaupandisha tena. Vidole vyake vilikimbia. Wimbo ulipokwisha, watu walipiga makofi. Vijana wakampa jina la Vidole, na jina likamganda. Hata barabarani walimsalimia hivyo. Baba alijifanya hataki, lakini alitembea polepole ili wamsalimie tena.

Kichwa kikamvimba. Sisi tuliokaa naye tuliona mambo mengine pia.

Zamani, kwenye sala ya jioni, kila mmoja wetu alimtaja mtu wa kumwombea. Sasa Baba alisali peke yake, na sala yake ilihusu kinanda. "Bwana, unijalie Jumapili nipige vizuri. Bwana, unipe wepesi wa mikono. Bwana, watu wakiniona waguswe." Amina ikitoka, Mama alimtazama.

"Baba watoto, mama mshonaji bado anaumwa. Hatukumwombea."

"Ah! Nimesahau. Kesho."

Kesho ilipofika, alisahau tena.

Kazini nako alianza kulipua. Alisugua kioo cha saa mpaka kikameta, akampa mwenyewe, akakimbilia mazoezi. Saa ya mshonaji ilirudi haijamaliza hata wiki. Nje iling'aa. Ndani haikuwa imetiwa tone la mafuta.

Halafu Bibi akaacha kwenda kanisani.

"Magoti," alisema. "Magoti yananisumbua. Nyinyi nendeni."

Jumapili ya kwanza tulimhurumia. Ya pili Mama alimchua kwa mafuta ya moto. Ya tatu tulirudi tukamkuta kakaa uani, kimya, mikono mapajani. Hakuwa anaimba. Nyumba nzima haikuwa na wimbo. Nilisikia saa tu zikigonga kule mbele, na nilitaka kulia bila kujua sababu.

Jirani yetu alikuwa mwalimu wa uimbaji aliyestaafu. Yeye ndiye aliyemfundisha Baba kinanda tangu akiwa kijana. Alikuwa mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na hakuwahi kupita mlangoni bila kubisha hodi. Alasiri moja alikuja kumjulia hali Bibi. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani karibu nao.

"Shikamoo, Mwalimu," nilimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu." Akamgeukia Bibi. "Dada, benchi la dirishani lina upweke. Una nini?"

"Magoti, Mwalimu."

"Lakini Bibi," nikadakia, "jana si ulimkimbiza kuku hadi kule nyuma ya nyumba?"

Bibi aliguna. Mwalimu aligeuza uso asicheke. Kisha akasubiri. Alijua kusubiri, mzee yule. Mwishowe Bibi akashusha pumzi.

"Sauti yangu haifiki tena huko juu nyimbo zinakopelekwa," alisema. "Nikianza, mwanangu ananipita. Nikimfuata, kinanda kinabadilika. Kuona, sioni. Kusoma, siwezi. Nilichobakiwa nacho cha kumpa Mungu mbele ya wenzangu ni zile nyimbo. Sasa nasimama pale nimefunga mdomo kama mtu aliyepotea njia. Bora nikae nyumbani."

"Umemwambia mwanao?"

"Nimwambie nini? Humwoni anavyofurahi? Usimwambie, Mwalimu. Utamvunja moyo."

Mwalimu aliinuka taratibu, akaenda chumba cha mbele. Mama alinipa chai niwapelekee. Niliiweka mezani, nikajibanza mlangoni. Masikio yangu yalikuwa marefu siku hizo.

"Mwanangu," Mwalimu alianza, "kazi ya mpiga kinanda ni nini?"

Baba alicheka. "Mwalimu, leo unanipa mtihani? Ni kupiga kinanda."

"Hapana. Ni kuwasaidia watu waimbe."

"Si wanaimba? Tena wanapiga makofi!"

"Wanampigia nani?"

Baba alichukua kitambaa akaanza kufuta saa iliyokuwa safi tayari.

"Mimi sisemi kitu," Mwalimu aliendelea. "Nakuomba jambo moja. Jumapili, watu wakiwa katikati ya ubeti wa tatu, nyanyua mikono. Usipige. Sikiliza tu. Ukisikia kanisa linaimba, nitakuja hapa nikuombe radhi."

Baba alikubali haraka. Alijua angeshinda.

Jumapili ile nilikaa na Mama. Baba alipiga ubeti wa kwanza, akapiga wa pili. Ulipofika wa tatu, filimbi zilikuwa juu sana. Mara akanyanyua mikono.

Kimya.

Mtu mmoja alikohoa. Mwanakwaya mmoja alitoa sauti nyembamba, akashtuka kuisikia peke yake, akanyamaza. Mchungaji alikuwa anachezesha midomo tu. Watu walisimama wamekodoa macho kumtazama Baba, kama wanaosubiri onyesho liendelee.

Baba aligeuka. Aliwatazama watu. Kisha macho yake yakaenda dirishani, kwenye benchi tupu. Yalikaa hapo. Akarudisha mikono, akamaliza wimbo kwa sauti ya chini, bila tarumbeta. Hakuna aliyepiga makofi.

Tulirudi nyumbani. Baba hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja uani, akachuchumaa mbele ya Bibi.

"Mama, magoti yanaendeleaje?"

"Afadhali kidogo."

"Mama, si magoti. Ni mimi. Nimekunyang'anya nyimbo zako. Nisamehe."

Bibi alinyoosha mkono, akaupapasa uso wake mpaka akalipata sikio. Akalivuta kama anavyovutwa mtoto mtukutu.

"Nani amekwambia?"

"Kanisa zima. Lilinyamaza."

"Basi nimekusamehe zamani. Na sikio hili lifanye kazi."

Mwalimu alikuja jioni. Hakuja kuomba radhi, wala hakuja kushangilia. Alikuta Baba ameketi uani na Bibi, ameegemea ukuta, amejiinamia.

"Mwalimu, niache kinanda?"

"Uache kwa nini? Hicho kipaji amekupa Mungu. Shida si kinanda kizuri, wala vidole vyepesi. Shida ni nani anakaa mbele. Ukikaa mbele wewe, watu wanakuona wewe. Bwana Yesu alikuwa mkubwa kuliko wote mezani, lakini ndiye aliyeshika beseni akawaosha wenzake miguu. Na wewe, kila Jumapili jiulize, nani hapa ana shida ya kuimba? Anza na huyo."

"Nitamjuaje?"

"Si unaishi naye?"

Baba alihamisha kigoda chake, akakaa karibu na Bibi.

"Mama, niimbie. Nataka kujua sauti yako inaanzia wapi."

Bibi alisita. Akajisafisha koo, akaanza ule wimbo wa shukrani alioupenda. Baba aliinamisha kichwa, akafumba macho, kama alivyofanya akisikiliza moyo wa saa. Alimsikiliza hadi mwisho wala hakuimba naye. Ulikuwa umepita muda mrefu hajamsikiliza mtu hadi mwisho.

"Ni chini kuliko nilivyodhani," alisema.

"Hapo ndipo utakapoanzia," Mwalimu alimwambia. "Wenye sauti ya juu watashuka bila taabu. Tena, kabla hujapiga wimbo, usome maneno yake kama sala. Ukifika mwisho wa ubeti, ngoja watu wavute pumzi. Chagua sauti moja tulivu, uiache hapo hapo. Siku watu watakapotoka wakisema, 'Leo tumeimba,' bila hata mmoja kukumbuka kinanda, ujue umepiga vizuri."

"Bila hata mmoja?" Baba aliuliza. Sauti yake ilikuwa na huzuni kidogo.

"Bila hata mmoja," Mwalimu alisema, akanywa chai yake.

Jumapili iliyofuata nilimshika Bibi mkono. Alivaa gauni lake la kola nyeupe. Tulikaa dirishani, jua likampata usoni. Kinanda kilianza chini, taratibu. Bibi aliingia kwenye wimbo bila kusita. Bega langu likatetemeka tena. Nyuma yetu wazee wakaitikia, kisha kina mama, kisha vijana. Wimbo ulijaa mpaka vioo vya madirisha vikalia. Mama aliimba huku machozi yanamtoka, wala hakuyafuta. Nilimtafuta Baba kwa macho. Alikuwa ameinama, na midomo yake ilikuwa inaimba pamoja nasi.

Baada ya ibada Baba alisimama mlangoni. Watu walipita. Walisema, "Leo tumeimba!" Walisema, "Leo moyo umepoa." Walimpa mkono na kwenda zao. Hakuna aliyesema, "Vidole, umetisha." Nilimwona akingoja kidogo, maana mazoea yana taabu. Ndipo Bibi akafika, ameshika mkono wangu.

"Mwanangu," aliuliza kwa dhati kabisa, "leo nani alipiga kinanda?"

Mwalimu, aliyekuwa nyuma yetu, aliangua kicheko hadi miwani ikamtoka. Baba alimtazama Bibi. Alianza kucheka naye, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Sijui, Mama," alisema. "Labda kilijipiga."

Tangu siku ile sala ya jioni ilirudi kwetu sote. Baba alisema tuanze kwa kumshukuru Mungu, kisha tuwaombee wengine, kisha sisi wenyewe. Mshonaji akawa wa kwanza kutajwa, na saa yake ikafunguliwa upya. Baba alitia mafuta ndani kwanza, kule ambako mteja haoni. "Mwenye kuona anaona," alisema, na kioo akakisugua mwisho. Jina la Vidole likafa polepole. Hakuna aliyelizika.

Bibi aliimba kwenye benchi lile mpaka pumzi zake zilipokwisha. Mwalimu naye ametutoka. Chumba cha saa sasa kimefungwa, na saa za ukutani tumegawana sisi watoto. Yangu huchelewa, nami sitaki kuirekebisha.

Siku hizi mimi ndiye ninayepiga kinanda. Baba ni mzee. Mjukuu wake humshika mkono kila Jumapili hadi kwenye benchi la dirishani. Jumapili iliyopita nilianza ule wimbo wa shukrani mahali ninapopapenda mimi, juu kidogo. Nikatupa jicho dirishani. Midomo ya Baba ilikuwa imefungwa.

Nilimaliza ubeti, nikangoja watu wavute pumzi. Kisha nikashusha wimbo, nikashusha tena, mpaka pale Bibi alipokuwa anaanzia. Baba alinyanyua kichwa. Sauti yake ikaingia, nzito, yenye mikwaruzo kidogo.

Nje ya kanisa nilimwamkia, nikamrekebishia kola ya koti.

"Baba," nilimuuliza, "kinanda leo kilikuwaje?"

Alinitazama kwa macho yale yaliyoanza kuingia ukungu.

"Kinanda?" alisema. "Kinanda gani?"