Mto Uliolia Chakachaka

Majirani walimwita Bi Sufi. Alikuwa fundi wa kushona mito ya kulalia, na sufi ya kujazia haikumbanduka: ilikaa kwenye nywele, kwenye nyusi, hata kwenye chai. Alasiri nyuzi zake zilielea chumbani polepole. Bi Sufi alizitazama huku amejishika tumbo. Mimba ilikuwa changa, naye alikuwa na furaha.

Zamani aliugua sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Hata kuoga kulimshinda. Daktari alimpa vidonge. Alivimeza kila siku, akarudi kuwa mtu wa vicheko.

"Wewe!" wifi yake aling'aka siku alipoviona. "Una mimba, bado unameza dawa za kichwa? Utamlemaza mtoto wa kaka yangu!"

Maskini Bi Sufi, woga ulimjaa. Hakumuuliza mtu. Alivisokomeza vidonge vyote ndani ya mto wa kitandani, akaushona.

Siku zikawa kama ndoto. Sakafu ilimkimbia miguuni. Kichwani umeme ulipita, zii, zii. Kisha ile huzuni ikarudi, ikajikalia kama mgeni asiyejua kuaga.

"Mtoto huyu bora apate mama mwingine," aliwaza. Wazo hilo likamtisha.

Alasiri moja mumewe, fundi baiskeli, alijilaza. Mto ukalia chakachaka.

"Mke wangu, mto huu una panya?"

Bi Sufi alitaka kucheka, akalia. Akaeleza yote.

Mume alimwita jirani yao, mkunga. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole, mwanangu. Dawa hizi haziachwi ghafla, mwili hushtuka. Wala usizirudie mwenyewe. Twende kwa daktari leo hii."

Daktari hakumgombeza. "Dawa za sonona ni nyingi," alisema. "Nyingine tunambadilishia mama mjamzito. Hii yako wengi wameitumia, wakazaa watoto wazima."

"Haina hatari hata kidogo?"

"Sikufichi, hatari ndogo ipo. Wapo watoto wanaotetemeka kidogo siku za mwanzo, kisha hutulia. Lakini sonona isiyotibiwa nayo ni hatari. Mama hali, halali, na mtoto huumia. Tunapima yote mawili, halafu tunaamua pamoja."

Waliamua aendelee, kwa kipimo alichopangiwa na daktari. Furaha ilirudi polepole. Cherehani ikaanza tena kuimba.

Mtoto alizaliwa wa kike. Alitetemeka kidogo, wauguzi wakamwangalia, akatulia. Daktari alisema anaweza kunyonya na mama aendelee na dawa.

Wifi alikuja kumwona. Alimpakata mtoto, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, wifi yangu. Niliongea nisilolijua."

"Yameisha, wifi."

Wifi akamimina maji kwenye kikombe. "Umeshameza leo?"

"Bado."

"Meza basi! Au unataka kaka yangu alalie panya tena?"

Bi Sufi alicheka mpaka mtoto akafumbua macho.